Baiskeli, Maji na Maneno Katika Milima ya Alpujarra

Wapenzi wa mbio za baiskeli humu nchini wanamjua Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa baiskeli na Mkenya mwenzetu David Kinjah. Huyo ameandikiwa ushindi wa mbio za Vuelta a España mara mbili, zile za 2011 na zile za 2017. Mbio hizo, zilizoanzishwa mwaka 1935, huzunguka Uhispania kwa muda wa majuma matatu. Mwenye kuzitazama katika televisheni huona vifua vinavyohema na mashati ya rangi rangi, na nyuma yake vijiji vyeupe vilivyobandikwa ubavuni mwa mlima. Vijiji hivyo hupita kufumba na kufumbua. Leo nataka tuvisimamie, kwani mtu akiviendea polepole huvikuta vina habari ambayo sisi watu wa pwani, hasa tuliosoma chuoni, twaweza kuisoma bila ya mkalimani.

Mahali penyewe paitwa Alpujarra, kusini mwa safu ya Sierra Nevada, karibu na Granada. Juu yake kuna kilele cha Mulhacén chenye mita 3,479, na katika Uhispania ya bara hakuna kilichokizidi. Ukilitamka jina hilo taratibu utamsikia Mawlay Hasan ndani yake, baba wa mfalme wa mwisho wa Granada.

Njia niliyoishika yaanzia mji mdogo wa Lanjarón, unaosifika kwa chemchemi zake, ikateremka hadi Órgiva katika bonde la mto Guadalfeo, kisha ikageukia mlimani. Kutoka hapo hadi kijiji cha Trevélez ni kilomita 30 na ushei, na kimo huongezeka kwa zaidi ya mita 1,000. Mtu wa makamo yangu, aliyezoea barabara zetu za pwani zilizolala kama mkeka, hana budi kukodi baiskeli yenye gia nyingi, na mimi sikubakisha hata moja. Barabara haipandi kwa hasira. Yapanda kwa kona juu ya kona, na kila kona yamwonyesha mtu bonde alilotoka likizidi kuwa dogo. Mwenda pole hajikwai, na akiwa juu ya baiskeli hupata pia nafasi ya kusikiliza.

Kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa maji. Kando ya barabara, chini ya barabara, nyuma ya kuta za mawe, maji yapita katika mifereji myembamba. Vijiji vitatu vya bonde la Poqueira vimepangana kama vidato vya ngazi: Pampaneira kwenye mita 1,058, juu yake Bubión, na juu zaidi Capileira kwenye mita 1,436. Ukiendelea na barabara kuu wapita Pitres, Pórtugos na Busquístar. Hapo Pórtugos ipo chemchemi iitwayo Fuente Agria, maji yake yana chuma hata yameyapaka mawe rangi ya kutu.

Nyumba za vijiji hivi zilinisimamisha. Uhispania imejaa mapaa ya vigae, lakini hapa mapaa ni bapa: boriti za miti, juu yake mawe mapana, na juu kabisa udongo wa kijivu uitwao launa usiopitisha maji. Wajuzi wazilinganisha na nyumba za Waberberi wa milima ya Atlas huko Moroko. Na vichochoroni, chumba cha nyumba huvuka njia kikaegemea nyumba ya pili, wapita njia wakapita chini yake kivulini. Wao huita tinao. Mzee yeyote wa Lamu angetazama juu mara moja akasema: hili ni wikio.

Kisha yaja maneno. Mfereji wa maji huitwa acequia, nalo ni neno la Kiarabu, as-saqiya. Birika la kuwekea maji ya shamba ni alberca, ndilo birika letu hili la msikitini. Sukari ni azúcar, zaituni ni aceituna, zafarani ni azafrán. Mkuu wa mji ni alcalde, naye jina amelipata kwa kadhi. Mhispania akitaka kumtaja mtu asiyemjua jina husema fulano, nasi twasema fulani. Akitaka kusema mpaka mahali au wakati fulani husema hasta, ndugu wa hata yetu. Nilipokuwa nikivuta pumzi kwenye kona niliyahesabu maneno haya kwa vidole, hadi vidole vikanishia.

Maneno haya hayakusalia kwa hisani ya mtu. Granada ilisalimishwa kwa wafalme wa Kikristo tarehe 2 Januari 1492, na mkataba uliwaahidi Waislamu dini yao na sheria zao. Ahadi hiyo haikutimiza miaka kumi. Wakabatizwa kwa lazima, na mwaka 1567 Mfalme Felipe wa Pili akapiga marufuku lugha ya Kiarabu, mavazi yao na hamamu zao, akawapa miaka mitatu wawe wamejifunza Kihispania. Mkesha wa Krismasi wa 1568 Alpujarra ikaasi, ikamtawaza mtu wa ukoo wa Válor aliyejulikana kwa jina la Aben Humeya. Mwaka uliofuata akauawa na watu wa upande wake mwenyewe, na kufikia 1571 vita vilikuwa vimekwisha. Walioshindwa wakatawanywa mikoa mingine, wakaletwa walowezi kutoka kaskazini, na kuanzia 1609 kizazi chao kikafukuzwa Uhispania kabisa. Inasimuliwa kuwa kila kijiji kiliachiwa familia mbili za wenyeji wa kale, ili wawafundishe wageni kazi ya maji. Iwapo ndivyo au sivyo, kazi hiyo ilirithiwa, na maneno yake yakarithiwa pamoja nayo.

Kazi yenyewe ni ya akili nyingi. Sisi husema maji yakimwagika hayazoleki. Watu wa huko huyamwaga makusudi kisha wakayazoa. Theluji inapoyeyuka, maji ya juu mlimani huelekezwa katika mifereji ya udongo iitwayo acequias de careo, yakaachwa yanywewe na ardhi mahali panapojulikana. Yatembea polepole ndani ya mlima, na kiangazi kikikolea, wakati mito imepungua, yatokea chini kwenye chemchemi za mashamba na za vijiji. Mlima wote umefanywa mtungi.

Lakini mtungi huu sasa wavuja. Vijiji nilivyovitaja vya Poqueira, hakuna hata kimoja kinachofikia watu elfu moja. Vijana wengi wameteremkia mijini, na mfereji wa udongo usipofukuliwa kila mwaka hujaa mawe na majani. Ukijaa, chemchemi ya chini hukauka, na makonde ya ngazi hubomoka ukuta baada ya ukuta. Kwa bahati njema, tangu 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Granada, pamoja na wakulima na watu wa kujitolea, wamekuwa wakishika majembe na kufukua mifereji iliyokuwa imeachwa, na maji yamerudi kupita mahali yalipokuwa yamesahaulika.

Mwendesha baiskeli naye ana lake. Anayepita na gari hula mjini na kulala mjini, bali anayekwenda kwa miguu yake hana budi kununua mkate kijijini, kunywa kahawa na kutafuta malazi. Trevélez, kwenye mita 1,476, yasifika kwa mapaja ya nguruwe yaliyokaushwa kwa baridi ya mlima. Mimi na mapaja hayo tulipeana salamu za mbali, nikanunua lozi na tini kavu.

Msomaji atakayejaaliwa kufika huko achague miezi ya Mei na Juni, au Septemba na Oktoba, kwani jua la Julai na Agosti ni kali. Asichelee sana magari, maana sheria yamtaka dereva ampishe mwenye baiskeli kwa nafasi isiyopungua mita moja na nusu. Laiti sheria hiyo ingevuka bahari ikafika kwetu! Tena asione haya kushuka na kuisukuma baiskeli penye mwinuko, kwani hapo ndipo maji yasikikapo vizuri.

Amri ya Mfalme Felipe haikuweza kulifuta neno acequia, kwa sababu mkulima alilihitaji kila alipokwenda shambani. Mkulima akiisha kuondoka, neno hilo litakufa bila ya amri ya mtu.