Damu Ni Amana: Funzo la Maradhi ya Ubongo Yasiyopimika

Kila kamati ya msikiti inapowahimiza waumini wa Kiboriloni wajitolee damu, maswali mawili hurudi. La kwanza ni la hukumu: je, yajuzu? Wanazuoni wengi wa zama hizi wameijuzisha kwa dharura ya kuokoa nafsi, kwa sharti mtoaji asidhurike wala asiiuze damu yake. La pili huulizwa kwa manung'uniko: mbona tunahojiwa mambo yetu ya siri, ilhali damu yenyewe itapimwa? Hili la pili lina jawabu refu kidogo, nalo linaanzia Uingereza.

Mwaka 1986 yaligunduliwa huko maradhi mapya ya ng'ombe. Mnyama huyumba, hutetemeka, kisha hufa, na ubongo wake hukutwa na vitundu kama sifongo. Watu wakayaita kichaa cha ng'ombe. Yalienea kwa njia ya lishe: ng'ombe, ambaye ni mla majani, alilishwa unga wa nyama na mifupa ya wanyama wengine. Mafakihi wetu tangu kale wamemjadili jalala, yaani mnyama alaye najisi, wakaelekeza azuiliwe na kulishwa lishe safi kabla ya kuchinjwa. Mfugaji wa huku kihambani, anayemkatia ng'ombe wake majani na migomba, ana la kumshukuru Mola wake.

Machi 1996 serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa yaelekea maradhi hayo yamewafikia wanadamu kupitia chakula. Aina hiyo mpya ya ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob iliwapata zaidi vijana: huanza na huzuni na kubadilika tabia, hufuata kuyumba na kupoteza kumbukumbu, kisha mauti. Hauna tiba. Kisababishi chake si bakteria wala virusi, bali ni protini iliyokunjika vibaya, iitwayo prioni, ambayo moto wa jikoni hauiangamizi. Uingereza pekee umeua watu 178.

Kisha ikaja khofu ya damu. Mtu mmoja alijitolea damu mwaka 1996 akiwa mzima wa afya. Dalili zikamtokea miaka 3 baadaye. Aliyepokea damu ile naye akaugua na kufa, na habari zake zikatangazwa Desemba 2003. Kwa jumla, watu 3 wamethibitika kuugua kwa njia hiyo.

Kwa kuwa hakukuwa na kipimo cha kuwachuja watoaji, ilibidi kuziba njia ya madhara. Tangu mwaka 1999 Waingereza huondoa chembe nyeupe katika damu yote inayotolewa, na mwaka 2004 waliwazuia kutoa damu wale waliowahi kuongezewa tangu 1980. Marekani nayo iliwakataa waliokaa Uingereza kati ya 1980 na 1996, kwanza kwa miezi 6, kisha kwa miezi 3 tu. Kanuni hiyo haikuwabagua ndugu zetu wa asili ya Afrika Mashariki, wakiwemo waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, wakaishi Uingereza miaka mingi kabla ya kuhamia Marekani. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2022, hatari ilipoonekana kuwa ndogo mno.

Tuzingatie jambo moja. Kwa miaka zaidi ya 20, usalama wa mgonjwa ulitegemea jibu la swali: uliishi wapi? Ulinzi ulikuwa ulimini mwa mtoaji.

Huku kwetu, Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ambao kituo chake cha Kanda ya Kaskazini kipo Moshi, hupima virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Hata hivyo, aliyeambukizwa siku za karibuni kipimo chaweza kisimwone. Ndiyo maana huulizwa maswali, na kuyajibu kwa uongo ni kuihini amana.

Hapa familia zina wajibu. Mama anapotokwa na damu wakati wa kujifungua, jamaa hukusanyika na kila kijana hutazamwa. Yupo atakayeona haya mbele ya wajomba na baba zake wadogo kusema kwamba hafai, akatoa damu asiyopaswa kuitoa. Wazazi, msiwalazimishe vijana, na anayejitoa asiulizwe sababu. Sitara ni haki yake, na mhudumu humsikiliza faraghani.

Mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, uzito wa kilo 50 au zaidi na afya njema, ajitokeze: mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria yetu, na anayetoa kwa ukweli na anayejizuia kwa ukweli wote wawili wameihifadhi. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.