Kufufua Nduthi ya Mzee: Lipia Kipimo Kwanza, Pistoni Baadaye

Kuna Yamaha DT 175 ya zamani imelala nyuma ya nyumba yenu hapo Landless? Usiiuze kwa bei ya vyuma vikuukuu bado. Injini yake ni ya mipigo miwili, tofauti na bodaboda nyingi za siku hizi, na kuifungua si kazi kubwa. Juu ya silinda hakuna valvu, hakuna kamshafti wala cheni ya taimingi. Fundi wa jua kali anaweza kutoa silinda bila kushusha injini.

Kinachomaliza pesa ni kununua spea kabla ya kupima. Panga malipo yako hivi:

1. Lipia kufungua na kupima

Silinda ya DT 175 ilitoka kiwandani na kipenyo cha milimita 66. Ikiwa imelika, itachongwa hadi saizi inayofuata, kwa mfano 66.25 au 66.50, na pistoni lazima iwe ya saizi hiyo. Ukinunua kwa kubahatisha, umenunua pambo la mezani. Mwambie fundi pia aivute konrodi juu na chini. Ikicheza, krenki itatolewa na gharama itapanda. Afadhali ujue mapema.

2. Sasa lipia spea

Unahitaji pistoni, ringi, gasketi na sili za krenki. Sili usiziruke: zikivuja, injini inavuta hewa, inachemka na kuunguza pistoni mpya. Ukiagiza kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, omba picha inayoonyesha saizi, kisha lipa kwa till ya duka. Hakikisha jina kabla ya kuthibitisha malipo. Mpe anayechonga silinda pistoni yenyewe, achonge akiifuata.

3. Balansi ya fundi ibaki mwisho

Imalize injini ikishawaka na pampu ya oili ikionekana inafanya kazi. Kama pampu ilitolewa, utachanganya oili na petroli mwenyewe. Kwa uwiano wa 1 kwa 25, ni mililita 40 za oili kwa kila lita. Bila oili, pistoni mpya itakwama kabla hujafika mbali Garissa Road, na utarudi hatua ya kwanza.

Usifute SMS za malipo. Zina tarehe, kiasi na namba ya muamala. Zijumlishe, ujue nduthi imekula ngapi kabla hujamtajia mnunuzi bei.