Kuchelewa Huua Mama Wazazi

Mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 duniani walikufa kwa ajili ya mimba na uzazi. Katika kila kumi, saba hivi walikuwa wa Afrika kusini ya Sahara. Wengi huuawa na kutokwa damu au kifafa cha mimba. Maradhi haya yana dawa, lakini mama huchelewa mara tatu: nyumbani, ikingojwa ruhusa ya mume, njiani, kwa kukosa gari, hospitalini, kwa kukosa mganga au damu ya kuongezwa. Naye aweza kufa kwa saa chache tu. Basi wazee wetu, nauli iwekwe mapema, na ruhusa itolewe kabla ya uchungu. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa huacha yatima.