Joto na Afya katika Nchi ya Milima

Kasulu na Kibondo ni nchi ya milima katika Mkoa wa Kigoma. Usiku wa kiangazi watu huota moto. Basi wako wasemao, "Joto ni shida ya watu wa pwani." Je, ni kweli?

Mwili wa mtu mwenye afya una joto la digrii 37 hivi. Jua likiwa kali, mwili hutoa jasho, nalo jasho likikauka huupoza. Lakini mtu akikosa maji, au hewa ikiwa na unyevu mwingi, jasho halifanyi kazi yake vema. Hapo kichwa huuma, moyo hupiga mbio, na mtu aweza kuzimia, hata kufa. Walio hatarini zaidi ni watoto wachanga, wazee, wajawazito, na wale walimao juani. Hata nyumba ina neno lake: bati na turubali hupata moto upesi kuliko manyasi. Katika kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, wakimbizi wengi wameishi chini ya maturubali.

Serikali itajuaje la kufanya? Mwezi wa Mei 2010 joto kali liliupata mji wa Ahmedabad, India. Wataalamu walilinganisha vifo vya mwezi ule na vya miaka mingine, wakaona vimezidi kwa watu zaidi ya 1,300. Mwaka 2013 mji ukaweka mpango: joto kali likija, watu waonywe mapema, wapewe maji, na waganga wawe tayari. Onyo kubwa kuliko yote hutolewa kwa digrii 45.

Lakini kipimo cha Ahmedabad si kipimo cha Kasulu. Mwili huzoea hali ya nchi yake, na waliozoea baridi hudhurika kwa joto dogo kuliko hilo. Watu wa milimani wakingoja digrii 45, watangoja bure, na wagonjwa watakuwa wamekwisha kudhurika. Kwa hiyo yatakiwa madaftari mawili: la kipima-joto, na la wagonjwa wa zahanati. Yakilinganishwa kwa miaka mingi, huonyesha joto lianzapo kuwadhuru watu, na ni watu gani.

Mwaka 2018 Wizara ya Afya ya Tanzania ilitoa mpango wa kuikinga afya na mabadiliko ya tabianchi. Mpango wa namna hiyo hutegemea hesabu za kweli. Basi mwandishi wa daftari katika zahanati ya kijijini huwasaidia wakuu kuamua wapi pachimbwe kisima, na wapi pajengwe nyumba zenye hewa. Mgonjwa asiyeandikwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa husahauliwa.