Ndege inapotua: kelele mingi haitoki kwenye motere

Wakaaji wa kata zilizo karibu na uwanja wa ndege wanaujua ule wakati. Mtu anaongea kwenye telefone, mara ndege inapita juu ya paa, analazimika kunyamaza mpaka ipite. Kila mmoja anasema motere zinalia. Ndege inapopanda, ni kweli. Lakini inaposhuka, piloti amekwisha kupunguza nguvu ya motere, na kelele inabaki. Inatoka wapi?

Kwenye ndege kubwa za kisasa, sehemu kubwa ya jibu iko chini ya tumbo: miguu ya ndege, ni kusema nguzo, mapine na vyuma vyote vinavyoteremshwa mbele ya kutua. Mabawa nayo yanachangia, yanapofungua vibao vyake.

Bawa limechongwa ili upepo uteleze juu yake. Mguu wa ndege, hapana. Huo umetengenezwa ili kubeba makumi ya tani na kuvumilia mshindo wa pisti. Una nguzo nene, vyuma vya kukingama, freni, matiyo na nyaya za umeme. Ndege inashuka kwa mwendo wa karibu kilometa 250 kwa saa, upepo unagonga vyote hivyo. Nyuma ya kila chuma upepo unajikunja kama maji ya mto nyuma ya jiwe, kisha unaenda kugonga chuma kinachofuata. Yale mapigo njo sauti inayofika masikioni.

Kitu kinene kinatoa sauti nzito, chembamba sauti kali. Kwa mwendo ule, nguzo yenye unene wa sentimeta 20 inatikisa hewa karibu mara 70 kwa sekunde. Tiyo ya sentimeta 2, karibu mara 700. Na tundu lililo wazi linapiga mluzi, kama vile mtoto anapopuliza mdomo wa chupa.

Ndege za A320, aina ambayo Congo Airways ilianza nayo mwaka 2015, zilijulikana sana Ulaya juu ya mluzi kama huo. Ule haukutoka kwenye miguu lakini kwenye matundu ya mviringo chini ya mabawa, yanayolinda matanki ya mafuta yasizidiwe na presha. Kuanzia 2014 kampuni ya Lufthansa ikafunga vibao vidogo vya chuma mbele ya matundu hayo, vinavuruga upepo kabla haujafika, na mluzi ukaisha. Kelele ilipungua hadi desibeli 4. Kumbe kitu kidogo hivyo!

Kwa miguu, kazi ni ngumu zaidi. Mwendo njo unahesabu kuliko yote: ukiuzidisha mara mbili, nguvu ya kelele inakuwa karibu mara 64. Ukiupunguza kwa asilimia 10 tu, nguvu hiyo inaanguka karibu nusu, hata kama sikio litasikia tofauti ndogo. Lakini ndege ikienda polepole mno inaanguka. Piloti anaweza kuchelewa kidogo kuteremsha miguu, si mpaka dakika ya mwisho, maana lazima ahakikishe kwamba imekaza vizuri. Hapo usalama unapita usingizi wa watu.

Huko California, Marekani, shirika la NASA lilijaribu njia nyingine kwa ndege ya Gulfstream III. Mafundi walivalisha miguu vifuniko vyenye matundu madogo upande wa mbele. Sababu gani matundu? Kifuniko kisicho na tundu kinasukuma upepo pembeni, unapata mwendo zaidi na kugonga vyuma vya jirani. Kelele inahama tu. Matundu yanaacha upepo kidogo upite. Kwenye shimo ambamo miguu inaingia, waliweka wavu, meno upande wa mbele na sponji ya kumeza sauti nyuma. Mabawa yalipewa vibao vinavyojikunja bila kuacha pengo. Ndege ikapita juu ya mikrofoni 185 zilizopangwa chini. Mwaka 2018 NASA ikatangaza kwamba kelele ya mwili wa ndege wakati wa kutua ilipungua kwa zaidi ya asilimia 70. Ya mwili, si ya motere.

Basi, mbona ndege zote hazijavalishwa? Kila kifuniko ni kilo za kubeba safari zote, na kilo ni mafuta. Freni zinawaka moto sana baada ya kutua, zinahitaji hewa. Na fundi anataka kuona pine na tiyo linalovuja kwa macho yake, haraka, bila kufungua skurubu kwanza.

Kwa zile ndege za helisi zinazobeba mizigo kwenda miji ya ndani, kama Antonov 26 ao Let 410, hesabu ni nyingine. Helisi zenyewe zinapiga kelele kuliko miguu, na kufunika mapine yake hakutabadilisha kitu kwa anayelala karibu na pisti.