Mikono Miwili Haitoshi Juu ya Mbuyu

Ukitaka kujua nani yuko hatarini juu ya mti, usimtazame anayepanda. Anayepanda ana mikono miwili na miguu miwili, na vyote vinne vimeshika mti. Tena anaogopa, na woga wake unamlinda. Mtazame yule aliyekwisha kufika. Amekaa panda ya tawi, bomba la moshi liko mbele ya tundu la mzinga, mkono mmoja una kisu, mwingine unapokea sega. Kuanzia hapo hakuna kinachomshikilia isipokuwa makalio yake. Warina asali ninaowafahamu walioanguka, wengi waliangukia kazini, si njiani.

Mimi ni mrina wa upande wa Farkwa, wilaya ya Chemba, kaskazini mwa Dodoma. Huku Wasandawe wamekuwa wakiwinda na kurina tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, na sisi wengine, Warangi na Wagogo, tumejifunza mengi kwao. Mimi nilifundishwa na mjomba wangu, mtu aliyepanda peku, bila kamba, akiwa na kijinga cha moto mkononi. Alizeeka akafa kitandani mwake. Wazee wengine wakisikia habari za kamba hunitajia jina lake, kana kwamba mtu mmoja aliyesalimika ni ushahidi. Walioanguka hawana wa kuwatolea mfano, kwa sababu hawapo barazani.

Kwa nini mizinga ikawekwa juu? Wenyeji wa mjini huniuliza hivyo, na ni swali zuri. Kuna nyegere, ambaye akiukuta mzinga wa gogo chini ataupasua kwa kucha mpaka aifikie asali, na kuumwa na nyuki hakumrudishi nyuma. Kuna siafu. Kuna moto wa kiangazi unaopita kwenye nyasi. Na kuna mwizi, ambaye ndiye sababu kubwa kuliko zote ingawa tunaona haya kuitaja. Juu ya hayo kuna makundi ya nyuki wa porini waliojichagulia mapango ndani ya mibuyu. Hao hawakuulizwa wanataka kuishi urefu gani.

Sasa hesabu kidogo. Mtu akianguka kutoka mita 5, yaani urefu wa tawi la chini tu la mbuyu mkubwa, anafika ardhini kwa sekunde moja, na wakati huo kasi yake ni kama kilomita 36 kwa saa. Ni kasi ya bodaboda iliyokwisha kuchanganya barabarani, ila hapa hakuna breki na unachogonga ni udongo uliokauka tangu Mei. Kutoka mita 10 kasi inakaribia kilomita 50. Sekunde moja haitoshi hata kuita mama. Kwa hiyo mtu anayejitumaini kwamba akiteleza atadaka tawi, anategemea muda ambao hatapewa.

Mbuyu nao una tabia zake. Shina ni pana mno kukumbatika, gome ni laini, matawi yako mbali. Kwa hiyo tunapigilia vigingi: unachonga vijiti vya mti mgumu, unavichongoa ncha, unapigilia kimoja kwa mgongo wa shoka, unasimama juu yake, unapigilia kingine juu zaidi. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hupanda vivyo hivyo. Mti wa mbuyu ni mwororo, umejaa maji, kigingi kinaingia bila shida. Kigingi kipya kilichoinama kidogo kuelekea shinani, ili mguu usiteleze nje, ni ngazi nzuri, alimradi ukikanyage karibu na gome wala si kwenye ncha yake. Balaa ni kigingi cha msimu uliopita. Mchwa na mvua vimekila ndani, lakini kichwa chake nje bado kinang'aa. Mimi sikikanyagi mpaka nikigonge kwa shoka na kusikia mlio wake, na kikitoa mlio mzito wa kuoza napigilia kingine kando. Hiyo ni kazi ya ziada, ndiyo, na kwa kuwa tunarina usiku, gizani inachosha.

Halafu matawi. Wengi wanalisahau hili: mbuyu unakaa uchi miezi mingi ya mwaka, na sisi tunapanda wakati huohuo wa kiangazi, tawi zima na tawi lililokufa yakiwa yanafanana. Wakati wa kulichagua tawi ni masika. Januari au Februari, mvua ikiwa imekolea na mbuyu umevaa majani, zunguka mti wako mchana kweupe. Tawi lisilo na jani wakati wenzake wanalo limekwisha. Mimi hupaka chokaa shinani, upande wa tawi bovu, ili nitakaporudi Juni usiku nisihitaji kukumbuka. Na hata tawi lenye majani, kama ni la mbuyu, usilitegemee bila kulijaribu. Mti wenye maji mengi hivyo unaweza kukatika bila kulia.

Kuhusu kamba, nilifunguka macho kwa mpwa wangu anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Alikuja likizo na simu yake. "Mjomba, shikamoo. Hebu waone Wamarekani wanavyowinda." Ilikuwa video ya wawindaji wa kulungu. Wana kiti cha vipande viwili, kimoja cha kukalia na kimoja cha kukanyagia, kila kimoja kimeng'ata shina kwa mkanda wa chuma. Mtu anakaa, anainua kipande cha miguu. Anasimama, anainua kile cha kukalia. Hivyo hivyo mpaka juu, kisha anakaa kimya kumngoja mnyama apite chini. Kiti chenyewe kwetu hakina kazi. Kinataka shina lililonyooka, jembamba, lisilo na matawi, mithili ya nguzo ya umeme. Ungekivisha wapi hicho mbuyuni?

Ila nilichokitazama mimi ni ule mkanda. Kabla mguu haujaacha ardhi, mtu yule alikuwa amekwisha kujifunga kwenye mti, na mkanda ulipanda naye hatua kwa hatua. Bunduki aliiacha chini, haina risasi, akaja kuivuta kwa kamba baada ya kutulia kitini. Mpwa wangu akanisomea kwamba wenzetu hao huonywa zaidi kuhusu ile dakika ya kutoka kwenye ngazi na kuhamia kitini, yaani pale mkono unapoachia kitu kimoja ili ushike kingine. Nikamwambia, "Basi mwanangu, hiyo ndiyo dakika yetu sisi ya kutoka kwenye kigingi na kuhamia tawini." Tukaanza kujaribu.

Cha kwanza ni kuachana na mkanda wa kiunoni. Ukiangukia mkanda wa kiuno, unakunjika katikati, mbavu zinabanwa, au unageuka kichwa chini na kuchomoka. Kinachotakiwa ni hanesi, mkanda wa mwili mzima unaopita mabegani, kifuani na mapajani. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016 ujenzi umekuwa mwingi mjini, na maduka ya vifaa vya ujenzi yanayouza helmeti na buti yanauza hanesi pia. Bei inauma. Tulichanga warina kadhaa tukanunua moja, tunapokezana, kwani hata hivyo anayepanda ni mmoja.

Cha pili ni kamba yenyewe. Najua nchi hii imeuza katani duniani kwa miaka mingi, lakini kamba ya katani iliyonyeshewa na kuanikwa ni ya kufungia mbuzi. Tumia kamba imara ya kupandia, itunze mbali na jua, na uipitishe mkononi yote kabla ya kupanda ukitafuta palipochubuka. Tunafunga jiwe kwenye uzi mwembamba, tunalirusha lipite juu ya panda ya tawi nene, kisha uzi unavuta kamba. Ncha moja inafungwa kwenye shina la mti mwingine, na watu wawili wanajining'iniza kwenye ile nyingine ili kulijaribu tawi. Likikubali wawili, litakubali mmoja.

Kisha ni fundo. Karl Prusik, mpanda milima wa Austria, alilieleza mwaka 1931 na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Unachukua kitanzi cha kamba nyembamba, unakizungusha mara tatu kwenye kamba nene, kila mzunguko ukipita ndani ya kitanzi chenyewe, kisha unakiunganisha na hanesi yako kifuani. Kikiwa hakina uzito kinateleza, unakisukuma juu kwa mkono kadiri unavyopanda. Kikipata uzito wa ghafla kinaikaba ile kamba na hakiachii. Kisiwe kinene sawa na kamba kuu, hakitakaba. Na kiwe juu ya kifua chako daima, kisilegee: mtu aliyeacha mita mbili za kamba ikining'inia ataanguka mita hizo zote kabla haijamshika, na huo mshtuko peke yake unavunja.

Tuliporina kwa mara ya kwanza namna hii niligundua kitu kingine. Mikono yote miwili ikawa ya asali. Sega zilitoka nzima, sikuharakisha, sikukata na watoto wa nyuki.

Nyuki wenyewe ni nusu ya hatari. Nyuki akichoma anaachia harufu inayowaita wenzake, nayo inanukia ndizi mbivu. Ukiisikia harufu hiyo juu ya mti, rudisha moshi, tulia, na kama inazidi, anza kushuka. Moshi unaifunika harufu hiyo na kuwafanya nyuki wakimbilie kunywa asali, hivyo bomba lisizimike kabla ya kazi kuisha. Mwiba uung'oe papo hapo kwa kucha, kwa kisu, kwa chochote, maana kifuko chake kinaendelea kusukuma sumu hata nyuki akiwa ameshaondoka. Tochi ifunike kwa karatasi nyekundu: nyuki hawaoni rangi hiyo, ilhali mwanga mweupe wataufuata mpaka usoni. Na ukivimba midomo, ukiwashwa mwili mzima, ukapumua kwa filimbi au kusikia kizunguzungu, huo ni mzio. Shuka kabla nguvu hazijakuishia, uwahishwe kituo cha afya. Mwenye mzio mkali anaweza kuuawa na mwiba mmoja.

Kamba inahitaji mtu wa pili chini. Aliyeanguka akaning'inia kwenye hanesi bila kusogea, damu inatuama miguuni na anaweza kuzimia ndani ya dakika chache, kisha ikawa kamba iliyomwokoa ndiyo inayomuua. Kwa hiyo nabeba kitanzi kirefu cha kukanyaga ili nisimame humo na kuchezesha miguu, na aliye chini anajua jinsi ya kulegeza kamba kutoka kwenye ule mti mwingine na kunishusha taratibu. Kwenda kurina peke yako ili usigawane asali ni roho mbaya isiyo na faida.

Na aliyeanguka bila kamba? Usimwinue. Usimketishe umpe maji. Usimpakie bodaboda katikati ya watu wawili, kama nilivyoona ikifanyika, maana mfupa wa mgongo uliopasuka tu unaweza kuukata uti wa mgongo njiani. Ng'oeni mlango, mmoja ashike kichwa kisigeuke, wengine wamviringishe kwa pamoja, mwili ukiwa umenyooka, mpaka mgongo ulale juu ya mbao. Afungwe kwa khanga na asafirishwe amelala, hata kama gari litachelewa.

Hata hivyo, mizinga mingi haina haja ya kupandiwa. Mizengo Pinda alipokuwa Waziri Mkuu, kati ya 2008 na 2015, alihimiza sana mizinga ya kisasa, ile ya vibao vya juu, inayotundikwa kwa waya kati ya nguzo, usawa wa kifua. Waya ukipakwa grisi siafu hawapiti, na nyegere hana pa kushika. Hata mzinga wa gogo ulio mtini unaweza kushushwa: weka roda kwenye tawi siku moja ya mchana, na miaka yote inayofuata mzinga unashuka kwa kamba, unarinwa chini, unapandishwa tena. Mwaka huu mpwa wangu na mimi tunaweka roda kwenye kila mti wenye mzinga wetu. Mibuyu yenye mapango itabaki ya hanesi. Kuhusu mwizi, tumekubaliana na wenye mashamba ya jirani kwamba kila mmoja alinde mizinga iliyo karibu naye apate ndoo yake ya asali kila msimu. Mpaka sasa anayelalamika ni mpwa wangu tu, anayeiona ndoo hiyo ni kubwa mno.