Watabiri wa Raga na Hesabu za Moyo

Mnamo Septemba 2025 timu ya raga ya Afrika ya Kusini, Springboks, ilipambana na timu ya New Zealand, All Blacks, mara mbili katika muda wa siku nane, na mara zote mbili huko huko New Zealand. Mechi ya kwanza ilichezwa tarehe 6 mjini Auckland, katika uwanja wa Eden Park, ambako wenyeji walikuwa hawajapata kufungwa tangu mwaka 1994. New Zealand ikashinda kwa pointi 24 kwa 17. Hapo watabiri wakatoka kila upembe: Springboks wamezeeka, miguu imewachoka, na kocha wao Rassie Erasmus amekwishiwa na maarifa. Wiki moja baadaye timu zikakutana Wellington. Hadi mapumziko New Zealand ilikuwa mbele kwa 10 kwa 7, na utabiri ukaonekana unatimia. Katika kipindi cha pili wenyeji hawakuambulia hata pointi moja, ilhali Springboks walijiongezea 36. Mechi ikamalizika kwa 43 kwa 10, kipigo kikubwa kuliko vyote ambavyo All Blacks walikuwa wamepata hadi siku hiyo.

Mtu angetaraji kwamba baada ya aibu ya namna hiyo watabiri wangenyamaza walau kwa msimu mmoja. La hasha! Siku ya pili yake walikuwa barzani wakieleza kwa nini jambo hilo lilikuwa dhahiri tangu mwanzo.

Sisi hatuwacheki. Tumefuatilia kwa muda mrefu khabari za mashindano ya timu hizi mbili, na tumeridhika kwamba anayetabiri mechi hii hafanyi hesabu ya miguu na mabega peke yake. Anapotaja timu itakayoshinda anakuwa ametaja pia yeye ni wa upande gani, na pengine amesema mambo ambayo asingethubutu kuyasema waziwazi mbele ya askari au mbele ya mkubwa wake wa kazi. Ndiyo maana tunaona yafaa utabiri huo usikilizwe kwa makini, khasa na wenye dhamana ya kuongoza watu.

Kwa kuwa visiwani kwetu mpira wa miguu ndio unaotawala, yafaa tueleze kidogo. Raga ya timu hizi huchezwa na watu 15 kila upande, kwa mpira wenye umbo la yai. Mchezaji huruhusiwa kuubeba mikononi na kukimbia nao, lakini haruhusiwi kumrushia mwenzake aliye mbele yake. Mkono hutupa nyuma tu. Anayeufikisha ng'ambo ya mstari wa goli na kuugusisha chini huipatia timu yake pointi 5, na mkwaju unaofuata, ukipita baina ya milingoti, huongeza 2. Mkwaju wa adhabu una pointi 3, na mpira uliodundishwa chini ukapigwa hapo hapo ukapita milingotini nao una pointi 3. Basi timu yaweza kuzidiwa mbio na nguvu, ikakaa karibu, ikangoja adui akosee, ikashinda kwa miguu ya mtu mmoja. Mtabiri wa mchezo kama huo anatembea juu ya utelezi.

Timu hizi zilianza kupambana mwaka 1921. Mechi ya kwanza, iliyochezwa Dunedin, ilichukuliwa na New Zealand kwa 13 kwa 5. Ya pili ikachukuliwa na Afrika ya Kusini. Ya tatu ikamalizika bila ya upande wowote kupata pointi. Tangu hapo wamekutana zaidi ya mara 100, na kwa jumla New Zealand imeshinda mara nyingi zaidi. Lakini Kombe la Dunia Springboks wamelitwaa mara nne, katika miaka ya 1995, 2007, 2019 na 2023, na All Blacks mara tatu, katika miaka ya 1987, 2011 na 2015. Kila upande una kumbukumbu ya kuitetea.

Mwaka 2017 New Zealand iliwapiga Springboks 57 kwa 0. Waliotabiri mauaji mengine katika mechi ya marudiano waliona All Blacks wakinusurika Cape Town kwa 25 kwa 24, wiki tatu tu baadaye, na mwaka uliofuata Springboks wakashinda Wellington kwa 36 kwa 34. Agosti 2023, mjini London, Springboks waliibuka na ushindi wa 35 kwa 7. Timu hizo hizo zikakutana Paris mwezi wa Oktoba katika fainali ya Kombe la Dunia. Nahodha wa New Zealand, Sam Cane, alitolewa kwa kadi nyekundu katika kipindi cha kwanza, na wenzake 14 waliobaki wakapigana hata wakashindwa kwa pointi moja tu, 12 kwa 11. Pointi moja hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa imewavusha Springboks katika mechi mbili zilizotangulia, dhidi ya Ufaransa na Uingereza. Ni mtabiri gani aliyeandika kwamba bingwa wa dunia atapatikana kwa pointi tatu zilizogawiwa mechi tatu?

Hayo ni ya uwanjani. Ya nje ya uwanja ni mazito zaidi.

Huko Cape Town, katika mitaa kama Bo-Kaap, wanaishi Waislamu ambao wahenga wao wengi waliletwa na Waholanzi wakiwa watumwa na wafungwa, kutoka Java, India, Madagaska na hata pwani ya Afrika ya Mashariki. Tangu miaka ya 1880 vijana wa jamii hiyo walikuwa na vilabu vyao vya raga. Lakini jezi ya kijani ya Springboks hawakuruhusiwa kuivaa, wao wala Waafrika wenzao, hata wangekuwa hodari kiasi gani. Walipokwenda kutazama mechi katika uwanja wa Newlands walitengewa pembe yao, mbali na Wazungu. Na wageni wa New Zealand walipoingia uwanjani, pembe ile iliwashangilia wageni. Ukimwuliza mtu wa pembe ile nani atashinda, angekujibu bila ya kusita: All Blacks. Hakuwa amepima uzito wa mstari wa mbele. Alikuwa akiipigia kura ya hapana serikali ambayo ilikuwa haimpi sanduku la kura.

Wala New Zealand yenyewe haikuwa safi. Kwa miaka mingi, ili kuwaridhisha makaburu, iliwaacha nyumbani wachezaji wake wa kabila la Maori. Mwaka 1928 aliachwa George Nepia, mchezaji mashuhuri wa zama zake. Mwaka 1949 Wamaori hawakuchukuliwa, na All Blacks wakapoteza mechi zote nne. Mwaka 1960 wananchi zaidi ya 150,000 wa New Zealand walitia saini kudai kwamba ikiwa Wamaori hawaendi, basi timu isiende. Ikaenda. Mwaka 1970 makaburu walikubali kuwapokea Wamaori kwa kuwapachika cheo cha Wazungu wa heshima. Katika historia ya michezo hatujui tusi lililofungwa vizuri zaidi kwa karatasi ya zawadi.

Mwaka 1976 jambo hili lilifika mlangoni kwetu. Tarehe 16 Juni watoto wa skuli walipigwa risasi Soweto, na haukupita muda All Blacks wakatua Afrika ya Kusini kucheza. Nchi za Kiafrika zikataka New Zealand iondolewe katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal. Wakuu wa Olimpiki wakakataa, wakisema raga haimo katika Olimpiki. Nchi zaidi ya 20 zikasusia, na Tanzania ikiwamo. Ndugu Filbert Bayi alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, huku John Walker wa New Zealand akimfuata kwa karibu. Mwaka 1975 Walker akamnyang'anya Bayi rekodi ya maili. Dunia nzima ilikuwa ikitabiri nani atatangulia Montreal. Walker akapata dhahabu, na Bayi hakukimbia. Utabiri ule haukupata jibu, na sisi tunaamini kwamba gharama ile ilistahili kulipwa.

Miaka mitano baadaye Springboks walikwenda New Zealand, na swali la nani atashinda likazidiwa na swali la kama mechi itachezwa. Tarehe 25 Julai 1981, mjini Hamilton, waandamanaji waliingia uwanjani na mechi ikavunjwa. Watazamaji wa Afrika ya Kusini, walioamka usiku wa manane kuitazama katika televisheni, waliwaona Wazungu wa New Zealand wakikubali kupigwa kwa ajili ya watu weusi wasiowajua. Katika mechi ya mwisho, Auckland, ndege ndogo ilizunguka juu ya uwanja ikiangusha mifuko ya unga, na mfuko mmoja ukamwangukia mchezaji. New Zealand ilishinda 25 kwa 22 kwa mkwaju wa adhabu wa dakika za mwisho. Kwa maelfu waliokuwa nje ya uzio, ushindi huo haukuwa khabari ya kushangiliwa.

Kisha ukaja mwaka 1995. Wengi walitabiri New Zealand, na walikuwa na sababu: Jonah Lomu alikuwa ameivuka Uingereza mara nne katika nusu fainali. Tarehe 24 Juni, katika uwanja wa Ellis Park, Mzee Mandela alitoka amevaa jezi ya kijani, ile ile ambayo watu wake walikuwa wakiiombea mabaya. Lomu hakuvuka hata mara moja. Joel Stransky akadundisha mpira katika muda wa nyongeza, na Afrika ya Kusini ikashinda 15 kwa 12.

Lakini jezi ya Mzee haikumgeuza kila mtu. Katika kikosi kile alikuwamo mchezaji mmoja tu asiye Mzungu, Chester Williams. Mjini Cape Town wamebaki wengi ambao hadi leo huvaa nyeusi na hutabiri New Zealand, kama walivyofundishwa na baba zao. Wapo waliowaita wasaliti. Sisi hatukubaliani nao. Kiongozi anayedhani kwamba mapenzi ya timu ya taifa hutolewa kwa waraka, kama likizo, amwulize kwanza mtu wa pembe ya Newlands alikaa wapi na kwa amri ya nani. Siya Kolisi, mtoto wa mtaa wa Zwide katika jiji la Port Elizabeth, alipokuwa nahodha wa kwanza mweusi wa Springboks mwaka 2018, kisha akanyanyua kombe mwaka 2019 na tena 2023, alifanya kazi ambayo hotuba nyingi zilikuwa zimeshindwa kuifanya. Hata yeye hakuwapata wote.

Kwa mwaka 2026 zilipangwa mechi nne: mbili Johannesburg, moja Cape Town, na ya nne Baltimore, Marekani. Mechi ya saa kumi na moja jioni Johannesburg huwakuta watu wa New Zealand saa tisa usiku, na wao huamka. Anayetaka kutabiri kwa akili atazame hali ya hewa, mwamuzi, na wachezaji wa akiba, kwani Erasmus hupenda kuwaingiza watu wazito wapya wakati adui amekwisha choka. Tukilazimishwa, tutasema Springboks katika nyanja za Johannesburg, ambako urefu wa nchi juu ya bahari huwakata wageni pumzi. Cape Town hatuthubutu. Huko hata majukwaa hayajaamua.